Maigizo ya vita: katriji ngapi zinatosha kwa mtu mmoja?

mlinzi_wa_beti

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa hesabu kabla watu hawajaanza kukunja karatasi za katriji, yaani vifurushi vya baruti ya mfyatuo mmoja mmoja.

Kikosi chetu cha askari wa miguu kina watu 14, wote wana magobori ya fataki (vikofia vidogo vinavyowasha baruti nyundo ikivigonga) ya kaliba .58, nakala za Springfield ya mwaka 1861. Tumealikwa kwenye maigizo ya siku mbili ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kila siku kuna pigano moja la dakika 45 hivi, asubuhi kuna maonyesho ya gwaride na ufyatuaji kwa watazamaji, na siku ya pili inafungwa kwa mifyatuo mitatu ya heshima. Waandaaji wameandika tu kwamba kila mtu aje na risasi baridi (zenye baruti tu, bila risasi yenyewe) "za kutosha".

Nusu ya kikosi wanasema beti (kisanduku cha ngozi cha katriji kinachokaa kiunoni) ikijaa, yaani katriji 40, inatosha siku nzima. Wengine wanataka 100 kwa pigano moja, wakihofia kuishiwa mbele ya watu. Nataka kujua: ngapi kwa kila pigano, fataki ngapi, baruti kiasi gani kwa katriji (wapo wanaolalamika kwamba bunduki zao zinatoa sauti hafifu), na akiba ikae wapi wakati wa pigano.

---

MdekiMrefu

Mkuu, hesabu dakika ambazo kikosi kitakuwa kinafyatua kweli, usihesabu urefu wa pigano. Askari aliyefunzwa vizuri wa enzi zile aliweza kufyatua mara tatu kwa dakika. Watu huichukua namba hiyo, wakaizidisha kwa 45, wakapata 135 na kuingiwa hofu. Uwanjani mambo hayaendi hivyo. Kikosi kinaingia, kinapanga safu, kinahamishiwa ubavuni, kinasubiri wapanda farasi wapite, kinarudi nyuma. Muda wa kufyatua ni kama theluthi moja ya pigano, pengine kuzidi kidogo.

Chukua mpangilio wa kawaida. Mnapokutana na adui mnapiga mifyatuo sita ya pamoja kwa amri. Kisha dakika tano za kila mtu kufyatua kwa wakati wake; hapo mwenye mikono myepesi hutoa mbili kwa dakika, kwa hiyo kumi. Mnarudi nyuma huku mkigeuka na kufyatua, weka nne. Mnasimama mara ya mwisho, sita. Hizo ni 26. Ongeza robo kwa sababu ratiba hubadilika pale pale uwanjani, unafika 33. Beti ya 40 inatosha pigano moja na kubakiza.

Hesabu hiyo ni ya safu ya kawaida. Mkipewa kazi ya watangulizi, wale wanaotawanyika mbele ya safu kwa jozi, mtaanza kufyatua mapema kuliko wenzenu na hamtasubiri amri ya pamoja. Huko mtu mmoja humaliza 50 hadi 60. Mkiwekwa kikosi cha akiba nyuma ya kilima, hata 15 zinaweza kubaki. Kwa hiyo ulizeni kazi yenu kwanza. Swali hilo lina uzito kuliko dakika 45.

Kwenu ninyi: mapigano mawili kwa 40 ni 80, maonyesho ya asubuhi kumi kwa kila siku ni 20, mifyatuo ya heshima 3. Jumla 103. Fanyeni 120 kwa kila mtu, 17 zilizobaki ziwe za mazoezi ya pamoja, za zile zitakazolowa, na za mwenzenu ambaye hesabu yake itapinda.

Jambo moja kuhusu beti yenyewe. Beti ya enzi ile ina makopo mawili ya bati, kila moja la katriji 20. Sehemu ya juu hukaa kumi zilizo wazi, sehemu ya chini hukaa pakiti ya kumi ambayo haijafunguliwa. Maana yake, mkononi una 20 tu. Zile 20 za chini huzifikii bila kulichomoa kopo na kuifungua pakiti, na kazi hiyo haifanyiki katikati ya moto. Sajini ahesabu mifyatuo. Ikifika 15 hivi na kukawa na utulivu, atoe amri ya kupandisha pakiti za chini. Kikosi kisichofanya hivyo hujikuta watu wanasema wameishiwa ilhali wana nusu ya shehena kiunoni.

---

masizi_meusi

Nakubaliana na 120. Niongezee upande wa fataki, maana ndiko watu wanakoumbuka.

Jeshi la Marekani lilifunga katriji kumi kwa pakiti pamoja na fataki 12. Yaani ziada ya asilimia 20, na hiyo ilikuwa kwa bunduki za kazi zenye askari wanaozisafisha kila siku. Kwa maigizo fanyeni moja na nusu kwa kila katriji. Katriji 120, fataki 180. Nunueni vikopo viwili vya mia kwa kila mtu na msifikirie tena. Vidole vilivyolowa jasho hudondosha fataki, nyasi huzimeza, na bunduki ikigoma unaweka fataki mpya bila kutia katriji mpya.

Tena kabla ya pigano lolote kila bunduki ipigwe fataki mbili au tatu bila baruti ndani. Kazi yake ni kukausha mafuta yaliyobaki kwenye chuchu (kibomba kidogo ambapo fataki hukaa) na kwenye njia ya moto. Elekeza mdomo wa mtutu karibu na nyasi, ufyatue: nyasi zikitikisika, njia iko wazi. Zisipotikisika, usitie baruti. Toa chuchu, pitisha sindano laini, jaribu upya. Hiyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya migomo ya mfyatuo wa kwanza.

Kugoma katikati ya pigano kuna sababu chache zinazojirudia: masizi yameziba njia ya moto, fataki haikukaa chini vizuri hivyo nyundo ikaisukuma badala ya kuipasua, au baruti haikufika chini kwa sababu mtutu una unyevu. Ukigoma, mtutu uendelee kuelekea juu na mbele, usiuinamie kuchungulia wala kumwelekea mwenzako. Moto unaweza kuchelewa na kutoka baadaye. Subiri dakika nzima, weka fataki nyingine. Ikigoma mara tatu, mtu atoke kwenye mstari au aanguke kama majeruhi, asishughulike na bunduki ile mpaka pigano liishe na msimamizi awepo.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni kutia katriji ya pili juu ya ile iliyogoma. Baada ya pigano la Gettysburg mwaka 1863, bunduki 27,574 ziliokotwa uwanjani, na kwa taarifa za idara ya silaha zipatazo 24,000 zilikuwa bado zimejazwa. Karibu nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili, na maelfu zilikuwa na tatu hadi kumi. Hao walikuwa askari wenye risasi za moto, ambazo hupiga bega kwa nguvu. Risasi baridi haina pigo la bega linalotambulika. Bunduki 14 zikilia pamoja, yako ikigoma, huwezi kujua kwa bega wala kwa sikio. Macho yatazame mdomo wa mtutu: moshi umetoka au haujatoka? Huna hakika, usitie nyingine. Weka fataki mpya tu na usubiri amri inayofuata. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kutaka fataki ziwe nyingi kuliko katriji.

---

FundiGobori

Nijibu la baruti na la sauti hafifu, kwa sababu yanakwenda pamoja.

Kwa .58 tumieni greini 60, karibu gramu 3.9. Ndicho kipimo kilichowekwa nyuma ya risasi ya Minié ya greini 500 vitani, kwa hiyo kwa risasi baridi hakuna sababu ya kukizidi. Waandaaji wengi huweka kikomo chao. Wakiandika kidogo zaidi, fuateni chao. Ratli moja ina greini 7,000, hutoa katriji 116. Watu 14 kwa 120 ni katriji 1,680, sawa na ratli 14 na nusu hivi, kama kilo 6.5 za baruti. Hicho si kiasi cha kubeba bila kusoma sheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu hadi ratli 50 za baruti nyeusi ya dukani bila leseni ya vilipuzi, kwa michezo, burudani au utamaduni katika silaha za kale, lakini majimbo na miji huweza kubana zaidi. Uingereza unahitaji cheti cha vilipuzi kutoka polisi hata kwa baruti ya maigizo.

Sasa sauti. Katika vikundi vingi mdeki (fimbo ya kushindilia) hautumiki kabisa wakati wa pigano, na ni sawa, kwa sababu mdeki uliosahaulika ndani ya mtutu huruka kama mkuki. Lakini baruti isiyoshindiliwa, isiyo na risasi wala karatasi juu yake, haina kinachoizuia; huwaka polepole na kutoka kama pumzi. Mtu akisikia hivyo anakimbilia kuongeza baruti, greini 80, 90. Matokeo ni ulimi mrefu wa moto na punje zisizoungua zinazowapiga usoni walio mbele. Kinachosaidia ni ukubwa wa punje. Magobori haya hulishwa kwa kawaida punje za FFg. Ukihamia FFFg, ambazo ni ndogo zaidi na huwaka upesi, greini zile zile 60 hupasuka vizuri. Wengine hushuka hadi 50 na bado wanasikika.

La pili: baada ya kumimina, gonga kitako cha bunduki chini mara moja, taratibu, mtutu ukiwa umeinamishwa mbali na uso. Baruti hujikusanya chini kwenye njia ya moto badala ya kubaki imetandaa ukutani mwa mtutu.

La tatu ni masizi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama kitu kigumu baada ya kuungua, na kigumu hicho hunyonya unyevu wa hewa. Risasi ya moto angalau hukwangua mtutu inapotoka. Risasi baridi haikwangui chochote. Ukishafyatua 25 hadi 30, mtutu una tope ndani na baruti mpya inanata juu njiani. Kati ya maonyesho ya asubuhi na pigano la mchana pitisheni kitambaa chenye maji, kisha kikavu. Dakika tano zinatosha.

Katriji yenyewe: karatasi nyepesi, kama ya gazeti lisilochapwa, izungushwe kwenye kijiti cha duara cha milimita 12 hadi 13. Chini funga kwa uzi wa pamba au kunja na kubandika kwa gundi ya fimbo. Mimina kwa kipimo kimoja cha ujazo, kisha kunja mkia. Pasiwe na pini wala kibanio cha chuma, wala utepe wa plastiki. Pasiwe na karatasi nzito. Na pasiwe na unga au semolina ya "kuongeza moshi", kwa sababu ukiweka kitu juu ya baruti umeshaigeuza risasi. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, isiingie hata mezani. Mtutu huu haukutengenezwa kwa mgandamizo wake.

Mtu anapofyatua, hurarua mkia, anamimina baruti, na karatasi anaitupa chini. Haiingii mtutuni. Waandaaji wengi huikataa ndani ya mtutu kwa sababu hutoka ikiwaka na kutua kwenye nyasi kavu au kwenye kola ya mtu.

Hakikisheni katriji zinaingia kwenye makopo ya bati bila kubanana. Zikibana, mtu huzichomoa kwa nguvu, zinapasuka, na baruti inajikusanya chini ya kopo. Cheche moja ya jirani ikiingia hapo, kopo zima huwaka kiunoni. Mkiona vumbi jeusi ndani ya beti asubuhi, kopo limwagwe, lifutwe, zilizopasuka zitengwe.

---

safu_ya_pili

Ndugu zangu, namba zenu ni sahihi lakini naona mmemwacha mtazamaji. Mtu mwenye 100 begani hana sababu ya kuacha kufyatua. Safu mbili zinasimama mita 60, zinapigana dakika 20, moshi umejaa, na hakuna anayeanguka. Hilo si pigano. Kinachofanya watu waanguke kwa wakati unaofaa ni kikomo cha risasi kinachofahamika na wote.

Pendekezo langu kwa waandaaji na kwa makamanda: 40 kwa pigano iwe kikomo cha juu. Anayeishiwa anaanguka, anarudi nyuma kubeba majeruhi, au anaomba kwa jirani, kama walivyofanya askari wenyewe kwa kuchukua risasi kwenye beti za waliolala chini. Kamanda akijua kila mtu ana 40, anaweza kupanga: 15 za kukutana, 15 za katikati, 10 za mwisho, na pengo kati yake la kusogea. Pigano linapata pumzi. Na zile 120 zibaki kambini, ziletwe kwa pigano husika tu.

Kwa hali hiyo ningepunguza mifyatuo sita ya kwanza ya MdekiMrefu hadi mitatu. Mifyatuo mitatu iliyokwenda pamoja kama sauti moja hukumbukwa. Sita iliyosambaratika haitofautiki na kelele.

---

MdekiMrefu

@safu_ya_pili, kwa 40 kama kikomo niko nawe. Kwa kuomba katriji kwenye beti ya aliyelala, hapana. Unafungua beti ya mtu ambaye huijui, huku pande zote kuna cheche, na katriji usiyoikunja mwenyewe huna hakika na kilichomo. Kubadilishana kuwe ndani ya kikosi kimoja ambacho katriji zake zilikaguliwa pamoja, na kufanyike nyuma ya mstari.

Vile vile beti ifungwe kila baada ya kutoa katriji. Kifuniko chake cha ngozi kimewekwa pale kuzuia cheche za bunduki ya jirani yako, ambayo chuchu yake iko usawa wa uso wako. Watu huifungua mara moja na kuiacha ikipepea pigano zima. Wakikimbia, katriji zinamwagika kwenye nyasi na kesho yake mtoto wa mtazamaji anaziokota.

---

jiwe_na_chuma

Kwa watakaousoma uzi huu wakiwa na magobori ya gumegume (yanayowashwa kwa cheche za jiwe), hesabu yenu ni tofauti kidogo.

Katriji moja hubeba baruti ya mtutu pamoja na ya kisahani (kibakuli kidogo cha baruti ya kuwashia, pembeni mwa mtutu). Kwa bunduki ya aina ya Brown Bess, yenye tundu la karibu inchi .75, watu hutumia greini 100 hadi 120 kwa jumla, kwa hiyo ratli moja hutoa katriji 58 hadi 70 tu. Askari wa miguu wa Uingereza wakati wa vita vya Napoleon alibeba risasi 60, lakini msizichukue kama kipimo cha pigano la kuigiza. Mwendo wenu ni wa polepole: jiwe hupoteza makali, kisahani hushika unyevu, tundu la moto huziba. Katriji 25 hadi 30 kwa pigano la dakika 45 ni nyingi.

Badala ya katriji za ziada bebeni mawe. Jiwe moja hudumu kati ya mara 20 na 40, kutegemea ubora wake na ugumu wa chuma linachogonga. Kuweni na matatu kwa siku, kipande cha ngozi au cha madini ya risasi kilichobapa cha kulishikilia mdomoni mwa nyundo, bisibisi, sindano ya tundu la moto na kiburashi cha kisahani. Cheche zikififia, geuza jiwe juu chini kabla ya kulibadilisha. Mara nyingi linagonga sehemu mpya na kufufuka.

Na kisahani cha gumegume hutema moto pembeni, upande wa kulia, kwenye sikio na shingo ya jirani. Safu zenu ziache nafasi zaidi au mweke kinga ya shaba pembeni mwa kisahani.

---

pete_ya_mtutu

Mimi niko upande wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na huko swali hili hujibiwa kwa ukubwa wa mfuko na aina ya silaha. Mkanda wa askari wa Marekani mwenye M1 Garand una mifuko kumi, kila mmoja klipu ya risasi nane: 80. Mjerumani mwenye Kar98k alikuwa na mifuko sita ya risasi kumi: 60. Kwa pigano la dakika 30 hadi 40 mwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono hutumia 30 hadi 40, mwenye Garand 50 hadi 60 akijizuia.

Tatizo liko kwa bunduki za rashasha. MG 42 ya Wajerumani ilifyatua kama risasi 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Mkanda wa 250 unaisha kabla ya sekunde 13. Mpiga rashasha asiyepangiwa humaliza shehena ya siku nzima kabla askari wa miguu hawajatoka mtaroni. Mpeni 250 hadi 500 kwa pigano, mikupuo ya risasi tatu hadi tano, na mwelezeni ni dakika zipi anatakiwa asikike.

Silaha zinazojikoka zenyewe huhitaji kizibo cha mdomoni mwa mtutu ili gesi ya risasi baridi ipate mgandamizo wa kusukuma mtambo. Kizibo kikilegea mapigo hayakamiliki na ganda linakwama. Kila baada ya klipu mbili tatu kagua kwa macho, kwa sababu kizibo kilichotoka wakati wa kufyatua hugeuka kuwa risasi. Tumieni risasi baridi zilizokunjwa mdomo tu. Zile za zamani zenye ncha ya mbao au plastiki hazifai kwa maigizo hata kama ni rahisi kupatikana: vipande vyake husafiri na kujeruhi.

---

mlinzi_wa_beti

Asanteni sana, wakuu. Tumeamua 120 kwa mtu, 40 kwa pigano, fataki 200, greini 60 za FFFg tukishathibitisha na waandaaji. Yamebaki mawili: akiba ikae wapi, na zinazobaki mwishoni tuzifanyeje? Na je, umbali wa kufyatua una kanuni?

---

masizi_meusi

Akiba haiwekwi mfukoni wala kwenye mkoba wa chakula. Askari wa enzi zile waliobebeshwa 60 walitia 40 kwenye beti na 20 mahali pengine mwilini, na hapo ndipo uhalisia unapaswa kupisha usalama, kwa sababu mfuko wa koti hauna kifuniko cha kuzuia cheche na mkoba ndimo hukaa viberiti. Akiba ya kikosi iwe kwenye sanduku moja la mbao lenye kifuniko, nyuma ya mstari, chini ya mtu mmoja asiyefyatua. Likiwekwa misumari ndani, iwe ya shaba au ifunikwe. Msitumie sanduku zito la chuma linalofungwa kwa kukaza: baruti ikiwaka ndani ya chombo kilichobana ni bomu, ikiwaka ndani ya mbao ni moto mkubwa tu. Lisikae hemani, lisikae juani, na liwe mbali na jiko la kambi. Atoe pakiti za kumi kumi, na aandike.

Umbali: kaeni na kanuni ya waandaaji. Kinachofuatwa na wengi ni kwamba adui akiwa ndani ya mita 50 mtutu unainuliwa juu ya vichwa, na akikaribia chini ya mita 20 hakuna anayefyatua. Hata umbali ukiwa mkubwa, lengeni juu kidogo au pembeni ya mtu, kamwe si usoni. Safu ya nyuma ihakikishe midomo ya mitutu yake imepita mbele ya masikio ya safu ya mbele.

Kabla ya kuingia, ukaguzi wa bunduki: mdeki udondoshwe ndani ya mtutu mtupu. Ukitoa mlio mkali wa chuma na kuruka kidogo, mtutu ni mtupu. Ukitoa sauti ya kufifia, kuna masizi, kitambaa, au katriji ya jana. Beti nazo zikaguliwe: msimamizi achague katriji tatu nne bila kuchagua sura, azibonyeze kwa vidole kutafuta risasi, na moja aifungue kabisa. Mwenye kupiga shabaha kwa risasi za moto siku nyingine awe na beti nyingine kabisa, isije naye kambini.

---

FundiGobori

Kwa zinazobaki: zilizo kavu na nzima zirudi kwenye pakiti, ziandikwe tarehe na kipimo cha greini, zihifadhiwe mahali pakavu. Msizihifadhi ndani ya beti. Ngozi ina unyevu, na mtu akisahau, pigano lijalo ataanza na katriji zilizoganda. Zilizopinda zinaweza kufunguliwa na baruti kutiwa kwenye karatasi mpya, mradi baruti inamiminika kama mchanga mkavu. Ikiwa imeshikana vibonge, msiisage.

Zilizolowa, pamoja na vumbi la makopo, zitumbukizwe kwenye ndoo ya maji mengi, karatasi zikiwa zimechanwa. Shura iliyomo, ambayo ni kama robo tatu ya baruti, huyeyuka majini, na kinachobaki ni tope la makaa na salfa lisilolipuka likiwa limelowa. Acheni usiku kucha, kisha mmwage ardhini mbali na visima na maji ya wanyama. Kamwe zisitupwe kwenye moto wa kambi, hata moja. Fataki ambazo hazikupasuka zitengwe na baruti tangu uwanjani, kwenye kikopo chake, na zikiwa mbovu zilowekwe kwenye mafuta mazito siku kadhaa kabla ya kukabidhiwa kwa mwenye duka la baruti au polisi, kufuatana na sheria ya mahali mlipo.

Bunduki zioshwe jioni ile ile. Maji ya moto ndani ya mtutu, chuchu imetolewa, hadi kitambaa kitoke cheupe; kisha mafuta kidogo tu, kwa sababu mafuta yakizidi yatashuka kwenye njia ya moto na kesho asubuhi mtapoteza fataki nyingine tatu kuyakausha.